Kitenzi "contravene" kinapoharibika: dalili, sababu na marekebisho

Kitenzi cha Kiingereza "contravene" hakisikiki sokoni wala kwenye daladala. Makazi yake ni sheria, leseni, barua za onyo na mikataba ya kupanga nyumba, na huko ndiko mwandishi Mswahili hukutana nacho, ama anapoandika Kiingereza cha ofisini, ama anapotakiwa kuileta katika Kiswahili hati iliyoandikwa kwa Kiingereza. Maana yake ni kutenda jambo lililo kinyume na kanuni iliyokwisha kuwekwa. Kimetokana na maneno mawili ya Kilatini, "contra" lenye maana ya kinyume na "venire" lenye maana ya kuja, na kwa hiyo ndani yake kuna picha ya mtu anayeikuta kanuni imesimama njiani, naye akaijia kutoka upande usiotakiwa.

Makosa yanayoletwa kwenye meza yangu ya uhariri kuhusu kitenzi hiki ni yaleyale mwaka hadi mwaka, na karibu yote yana mzizi mmoja. Kiswahili kimelitwika neno "kukiuka" mzigo ambao Kiingereza kimevigawia vitenzi vingi. Sisi hukiuka sheria, haki za binadamu, maadili ya kazi, masharti ya mkataba na makubaliano ya kusitisha vita kwa neno lilelile, na hakuna anayeshangaa. Kiingereza kinatarajia "contravene" hapa, "infringe" pale, "breach" kwingine na "violate" kwingine tena. Hata picha iliyomo katika "kukiuka" si ya kuja kinyume. Asili yake ni kupita juu ya kitu, kama mtu anavyokiuka kizingiti au gogo lililolala njiani, nayo ni picha ya kitenzi kingine cha Kiingereza, "transgress", ambacho katika Kilatini kilikuwa na maana ya kupiga hatua kuvuka upande wa pili. Kwa picha, ndugu wa karibu wa "contravene" katika lugha yetu ni "kwenda kinyume".

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Anza na ile inayofanana na sentensi iliyokukwamisha, fanya ukaguzi mwepesi kwanza, na uende kwenye marekebisho makubwa pale tu ukaguzi huo unaposhindwa. Panapoandikwa "simama", tafadhali simama kweli.

Dalili: baada ya kitenzi amekaa mtu, kitu au haki

Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Sentensi husomeka hivi: "He contravened his supervisor", au "The company contravened my rights", au "The driver contravened the traffic lights".

Ukaguzi mwepesi ni kuweka kidole kwenye neno linalofuata mara tu baada ya kitenzi na kujiuliza kama jambo hilo linaweza kuandikwa kwenye karatasi na kupewa namba. Kifungu kinaweza, na vivyo hivyo kanuni, sharti, amri, sera, katiba na mkataba wa kimataifa. Mkuu wa idara hawezi, taa ya barabarani haiwezi. Kitenzi hiki kinakula kanuni tu. Kikilishwa kitu kingine hukitema.

Sababu inayoongoza ni mazoea ya kusema "kukiuka haki". Tofauti ambayo Kiingereza cha kisheria kinaiweka hapa inaonekana wazi katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, hati ambayo msomaji yeyote anaweza kuifungua na kuhakikisha mwenyewe. Ibara ya 22, inayompa mtu nafasi ya kwenda mahakamani kutetea haki zake, inazungumzia haki ambayo imekuwa "denied, violated or infringed". Ibara ya 258, inayompa nafasi ya kwenda mahakamani kutetea Katiba yenyewe, inazungumzia madai kwamba Katiba "has been contravened". Waandishi walewale, katika hati ileile, walibadili kitenzi kwa sababu kinachotendewa kilikuwa kimebadilika: haki ni mali ya mtu, nayo huvamiwa au kunyimwa, Katiba ni kanuni, nayo huendewa kinyume. Kwa hiyo, sentensi yako ikiwa na haki baada ya kitenzi, tumia "violated" au "infringed". Ikiwa na hakimiliki, hataza au alama ya biashara, "infringed" ndilo lenye mazoea. Angalizo moja la adabu: usijaribu kuitibu sentensi yenye mtu kwa kuandika "violated" kabla ya jina lake, kwa maana "violate" likielekezwa kwa mtu linaweza kueleweka kuwa la kumdhalilisha kimwili.

Sababu ya pili ni kwamba mwandishi alikusudia "kumkaidi" mtu. Hapo kitenzi sahihi ni "disobeyed" au "defied", au sentensi ijengwe upya ili agizo la mkubwa lichukue nafasi ya mkubwa mwenyewe. Sababu ya tatu ni kuruka kanuni na kutaja kifaa: dereva hakwenda kinyume na taa, alikwenda kinyume na kanuni inayomtaka asimame taa ikiwa nyekundu, na katika mazungumzo Kiingereza husema tu "ran a red light". Ya nne hutokea kwa nadra, nayo ni ya wasomaji wa vitabu vya zamani, ambamo "contravene" lilitumika pia kwa maana ya kupinga kauli au hoja ya mtu. Kamusi bado zinaitaja maana hiyo, lakini mwandishi wa leo atumie "contradict" asije akasumbua watu.

Marekebisho makubwa ni kuitafuta kanuni iliyopotea. Niliwahi kuletewa barua ya onyo ninyooshe Kiingereza chake kabla haijatumwa. Ilisema: "You have contravened your Head of Section on several occasions." Nilimpigia simu aliyeiandika nikamuuliza, "Dada, huyu bwana alikwenda kinyume na nini?" Akanijibu, "Na mkuu wake." Nikamuuliza mkuu alikuwa ameagiza nini, kwa maandishi gani, tarehe gani. Kukawa kimya, nikasikia karatasi zikifunuliwa, kisha akasema, "Ngoja nikupigie baadaye, kaka." Hakupiga siku hiyo, na barua ilipokuja tena ilikuwa imegeuka kuwa wito wa mazungumzo, bila neno "contravened" hata mara moja. Ndiyo faida ya ukaguzi huu: kitenzi hiki kinadai kanuni, na kanuni isipopatikana, kilichoharibika si sarufi peke yake.

Simama hapa kama barua hiyo itaingia kwenye jalada la mfanyakazi au ndiyo itakayofungua shauri la nidhamu. Kuchagua kifungu kinachodaiwa kukiukwa ni kazi ya mwanasheria au afisa rasilimali watu anayezijua kanuni za nidhamu za mahali hapo, si ya mhariri wa lugha; na kama wewe ndiye uliyeandikiwa, ipeleke kwa wakili au kwa chama chako cha wafanyakazi kabla hujaijibu.

Dalili: kihusishi kimejipenyeza

Sentensi husomeka "contravened against the law", "contravenes with the policy" au "contravene to the regulations". Ukaguzi ni mfupi mno: funika kihusishi kwa kidole, usome upya. Sentensi ikiendelea kueleweka, na itaendelea kueleweka, futa neno ulilolifunika.

Mara nyingi sababu ni "na" ya "kinyume na", ambayo mwandishi anaibeba kutoka kwenye Kiswahili chake na kuitafutia mahali pa kukaa. Lakini ukinyume umekwisha kuwamo ndani ya kitenzi, katika ile "contra" ya mwanzo, na kuongeza "against" ni kama kusema mtu ameteremka chini. Pengine sababu ni majirani: "infringe" hukubali "on", na "offend" katika lugha ya sheria hukubali "against", hivyo mwandishi hudhani ukoo mzima una tabia hiyo. Wengine huchanganya kitenzi na nomino yake, kwa kuwa nomino ndiyo inayodai "of": mtu "contravenes the regulations", bali jambo hufanyika "in contravention of the regulations".

Sababu ya mwisho huwapata wenzetu waliosomeshwa kwa Kifaransa, wa Kongo na Burundi hasa, nayo inastahili huruma kidogo kwa sababu wao hawakubuni kitu. Kifaransa kina "contrevenir", na kitenzi hicho hudai "à" baada yake. Ndipo "contravene to" inapozaliwa. Mtego wa pili kwao uko kwenye nomino. "Contravention" ya Kifaransa ni aina ya kosa dogo katika sheria ya jinai, na kwa mazungumzo ya kila siku ni ile karatasi ya faini ambayo dereva hupewa na askari. Waswahili wa Oman na Ghuba wanaijua hali hiyo kwa mlango mwingine, kwa kuwa neno la Kiarabu "mukhalafa", ambalo kwa asili ni kwenda kinyume, barabarani humaanisha faini ya dereva. Kiingereza hakikufuata njia hiyo: "contravention" yake ni kitendo cha kwenda kinyume na haishikiki mkononi. Mtu akiandika "the officer gave me a contravention", msomaji wa Kiingereza atakwama. Aandike "a ticket" au "a fine".

Dalili: tafsiri ya Kiswahili ni sahihi neno kwa neno lakini haisomeki

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, kilema hiki kimeacha kuwa suala la darasani, kwa sababu matini za Kiingereza zilizojaa "contravene" na "contravention" zinapaswa kusomeka kwa mwananchi anayezisubiri. Dalili yake kuu ni maneno "katika ukiukwaji wa".

Chukua sentensi hii: "The building was erected in contravention of the planning conditions." Tafsiri inayoletwa ni: "Jengo hilo lilisimamishwa katika ukiukwaji wa masharti ya mipangomiji." Kila neno lina mwenzake, na bado hakuna fundi, diwani wala mwenye nyumba anayezungumza hivyo. Isome kwa sauti. Kama unajisikia kuvuta pumzi kabla ya "katika", basi ugonjwa ndio huo. Sababu ya kwanza ni kwamba mfasiri aliona nomino akaona lazima alete nomino. Tiba yake ni ya neno moja tu ambalo tunalo tangu zamani: "Jengo hilo lilijengwa kinyume na masharti ya mipangomiji." Wengine watasema "kinyume cha", nako si kosa, chagua moja ukae nayo hadi mwisho wa hati.

Sababu ya pili iko ndani zaidi, nayo ni nomino kumficha mtenda. "The contravention of this regulation by a licensee shall result in suspension" huletwa hivi: "Ukiukwaji wa kanuni hii na mwenye leseni utasababisha kusimamishwa." Anayesoma hajui kinachosimamishwa ni leseni, biashara au mtu. Hapa usibadili maneno, badili mjengo: mtoe mtenda mafichoni, umweke mwanzo, na nomino irudi kuwa kitenzi. "Mwenye leseni akikiuka kanuni hii, leseni yake itasimamishwa." Lile "-ki-" la Kiswahili linafanya kazi ambayo Kiingereza kimetumia nomino nzito kuifanya, na linaifanya kwa silabi moja.

Sababu ya tatu ni mashaka kati ya "ukiukaji" na "ukiukwaji". Yote mawili ni Kiswahili halali, lakini la kwanza linatokana na "kiuka" na linatazama upande wa anayetenda, ilhali la pili linatokana na "kiukwa" na linatazama upande wa kinachotendewa. Ndiyo maana "ukiukwaji wa haki za binadamu" umezoeleka, kwa kuwa macho yako kwenye haki zilizotendewa vibaya, na "ukiukaji wa kanuni" unafaa pale unapomzungumzia mkiukaji. Waandishi wengi hawaitunzi tofauti hiyo na dunia haijaanguka. Kilicho kibaya ni kuyachanganya katika ukurasa mmoja, kwa sababu msomaji wa sheria akiona maneno mawili hudhani kuna maana mbili.

Kwa ule mtindo wa kawaida wa vifungu vya adhabu, "Any person who contravenes the provisions of this section commits an offence", Kiswahili kina mjengo uliokwisha kukomaa: "Mtu yeyote atakayekiuka masharti ya kifungu hiki anatenda kosa." Angalia kwamba "provisions" hapa ni "masharti", kama Katiba ya Tanzania inavyoyaita. Anayeandika "atakayekiuka vifungu vya kifungu hiki" ajue kwamba amejikwaa kwa haraka yake mwenyewe.

Dalili: mkataba "umevunjwa" na hakuna anayejua kama bado upo

Wapo wanaokimbia "kukiuka" kwa kuona limetumika mno, wakaweka "kuvunja" kila mahali. Kwa sheria, amri, ahadi au mwiko hakuna madhara. Kwa mkataba madhara ni makubwa. Msikilizaji wa habari za michezo akisikia kwamba klabu imevunja mkataba na kocha, anaelewa kwamba wameachana. Kwake, kuvunja mkataba ni kuufikisha mwisho. Sasa mfasiri akiandika kwamba mpangaji "amevunja mkataba" kwa kufuga mbwa, mwenye nyumba anaweza kuelewa kwamba mkataba umekwisha na kuanza kutoa vyombo nje, wakati Kiingereza kilisema tu kwamba sharti moja halikufuatwa.

Ukaguzi mwepesi: baada ya tendo hilo, mkataba bado unaendelea? Kama unaendelea, andika "amekiuka sharti la mkataba" na ulitaje sharti lenyewe. Kama umekoma, andika "mkataba umesitishwa" au "umevunjwa". Kwa upande wa Kiingereza, kitenzi chenye mazoea na mkataba wa watu wawili ni "breach", na "contravene" huonekana hapo mara chache, zaidi pale panapotajwa sharti mahususi. Simama iwapo mmoja wa wahusika ametaka kufukuza, kufukuzwa, kulipwa au kurudishiwa amana kwa kutegemea neno hilo. Huko ni kwa wakili, na tafsiri yako inaweza kuja kusomwa mbele ya baraza au mahakama.

Dalili: mtenda katika sentensi ni sheria yenyewe

Sentensi kama "The new by-law contravenes the Constitution" si mbovu. Magazeti huiandika, na mawakili pia. Ila mwandishi makini atajua kwamba Kiingereza cha katiba huwa na neno jingine kwa hali hiyo. Ibara ya 2(4) ya Katiba ya Kenya inasema kwamba sheria ambayo ni "inconsistent with this Constitution" ni batili kwa kiwango cha kutopatana kwake, kisha inageukia matendo na kusema kwamba tendo au kuacha kutenda kulikofanywa "in contravention of this Constitution" ni batili. Sheria haipatani, mtu ndiye anayekwenda kinyume. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 137(3), haigawi namna hiyo, bali inayaunganisha maneno yote mawili, "inconsistent with or in contravention of", na kuyafungulia sheria na matendo kwa pamoja, ili mlalamikaji asipoteze shauri lake kwa sababu ya neno.

Kiswahili cha katiba nacho kilikwisha kufanya uamuzi wake. Ibara ya 64(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema kwamba endapo sheria nyingine yoyote "itakiuka masharti yaliyomo katika Katiba hii", Katiba ndiyo itakayokuwa na nguvu, na sheria hiyo itakuwa batili kwa kiasi inachokiuka. Hapo sheria ndiyo inayokiuka, na mfasiri anayetafsiri kwenda Kiswahili hana haja ya kuona haya. Anayetafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndiye anayepaswa kujiuliza kama "itakiuka" hiyo iende "contravenes" au "is inconsistent with". Kwa mtindo wa katiba, la pili ni salama zaidi.

Dalili: aliyekaa kimya anadaiwa kwamba ametenda

Je, mtu asiyefanya lolote anaweza "contravene"? Swali hili huletwa na wenye leseni ambao hawakuwasilisha taarifa ya mwaka na wakashtuka kusoma kwamba wamekiuka sheria. Ukaguzi wa kwanza ni kutazama kama matini imeandika "contravenes or fails to comply with". Ikiwa imeandika hivyo, imevitenga vitu viwili, kutenda lililokatazwa na kuacha kutenda lililoagizwa, na tafsiri ivitenge pia: "atakayekiuka au kushindwa kutekeleza". Ikiwa imeandika "contravenes" peke yake, nenda kwenye kifungu cha tafsiri ya maneno cha sheria hiyo, kwa maana sheria nyingi, za Uingereza kwa mfano, hueleza humo kwamba "contravention" inajumuisha kushindwa kutekeleza.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni nia. Kitenzi chenyewe hakisemi kama mtu alijua au hakujua. Sheria inapotaka ujuzi uwepo huongeza neno, "knowingly contravenes" au "wilfully contravenes", na mfasiri akiliangusha neno hilo amebadili kosa lenyewe. Vilevile asiliongeze pasipokuwapo: kutafsiri "contravenes" kuwa "atakayekiuka kwa makusudi" kunasikika vizuri masikioni, na kunampa mshtakiwa utetezi ambao sheria haikumpa. Simama kabisa ikiwa unaulizwa kama fulani ana hatia kwa kutojua. Hilo halijibiwi kwa kamusi.

Dalili: sarufi ni safi, lakini wasomaji wanacheka

Mama mwenye hosteli alibandika jikoni tangazo kwa wageni wake: "Guests who contravene the washing of plates will be dealt with." Tukiacha kwamba kuosha sahani si kanuni, hata angeandika "contravene the plate-washing rule" tatizo lingebaki, kwa kuwa kitenzi hiki huvaa suti na tai. Kina mazoea na kanuni zenye mamlaka nyuma yake: bunge, bodi, halmashauri, menejimenti. Kanuni za jikoni, za mchezo wa karata au za foleni ya maji zina "break", au "ignore".

Sababu ya kawaida ni kamusi inayotoa "kukiuka" kwa maneno sita bila kusema yanavaa nini. Chukua "break" kwa watu wote na mahali popote. "Contravene" kwa hati na ofisi, bila hasira. "Violate" pale unapotaka uzito na lawama. Na "flout" pale mtu anapoidharau kanuni waziwazi mchana kweupe, ambalo tafsiri yake nzuri ni "kukaidi". Uzito wa "violate" unaonekana tena katika Katiba ya Kenya: sababu mojawapo ya kumwondoa Rais, katika ibara ya 145, ni "gross violation" ya Katiba au ya sheria nyingine. Huko hawakutumia "contravention", neno ambalo lingesikika kama mtu aliyechelewa kulipia leseni.

Kinyume cha kilema hiki nacho kipo: kutumia "kuhalifu" katika Kiswahili ili kuonekana rasmi. Neno ni zuri na la zamani, lakini kwa kuwa "mhalifu" na "uhalifu" siku hizi vinanuka polisi, anayeandika kwamba duka "limehalifu kanuni za usafi" amelitupa duka hilo jela kwa sababu ya ndoo isiyofunikwa.

Dalili: herufi na matamshi

Hapa hapahitaji maneno mengi. Umbo ni "contravene", "contravened", "contravening". Hakuna "contraveen" wala "contravent", ijapokuwa nomino ni "contravention". Mkazo wa sauti hukaa mwishoni, kwenye "-vene". Ukiona "contravened a meeting", mwandishi alitaka "convened", kuitisha kikao. Ukiona "controvert", ni kupinga hoja, si kukiuka sheria.

Dalili: sentensi imeshahukumu kabla ya hakimu

"The trader contravened the Act" ni tamko la jambo lililothibitika. Mwandishi wa habari, mjumbe wa kamati au afisa anayeandika taarifa ya ukaguzi mara nyingi hakukusudia hivyo. Alitaka kusema kuna madai. Ukaguzi: je, yupo mwenye mamlaka aliyekwisha kuamua? Kama hayupo, sentensi ya Kiingereza iwe "is alleged to have contravened", na ya Kiswahili iwe "anadaiwa kukiuka" au "anatuhumiwa kukiuka". Kwenye kichwa cha habari, ambako nafasi ni finyu, ndiko neno "anadaiwa" hufutwa kwanza, na ndiko linakohitajika zaidi.

Sababu nyingine ni kuiga hati ya mashtaka. Hati hizo Afrika Mashariki husema kosa limetendwa "contrary to section" fulani, kama vile unyang'anyi wa kutumia nguvu unavyoshtakiwa Kenya chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, na Kiswahili chake ni "kinyume na kifungu". Mtindo huo ni wa mwendesha mashtaka, anayetamka kosa ili mahakama ilipime. Ukihamishiwa kwenye barua ya ofisi au taarifa ya mtaa, unasomeka kama hukumu. Usiandike wala kurekebisha hati ya mashtaka, hati ya kiapo au majibu ya notisi ya serikali kwa kutegemea mwongozo wa lugha kama huu; na kama notisi uliyoipokea inataja kifungu unachodaiwa kukiuka na siku za kujibu, anza leo hii kuzihesabu siku hizo, ichukue notisi pamoja na bahasha yake, na uende kwa wakili kabla hujaanza kubishana na kitenzi.